Nipitisheni Pale Ninapoandika

Wasifu wa dada yetu Nukta, mwandishi wa riwaya, uliosomwa na mdogo wake makaburini, Jumamosi tarehe 15 Juni 2024

Ndugu, jamaa, majirani, na nyinyi wasomaji wake mliotoka mbali, poleni kwa msiba na poleni kwa kusubiri. Tumewachelewesha, najua. Najua pia mnanong'onezana kwa nini jeneza limewekwa juu ya meza ya chakula, tena meza yenyewe imekatwakatwa na msumeno, wakati wenye makaburi walituandalia mahali pazuri pa kuliweka. Nitafika huko. Mnivumilie tu, maana tangu asubuhi kichwa changu hakijakaa sawa. Kijitabu mlicho nacho mkononi kilichapishwa jana, na jana nilikuwa sijui ninayoyajua leo, na hata haya ya leo sina hakika kama nayajua. Mkiona nasoma tofauti na kilichochapwa, msidhani macho yamekwisha. Nifuateni mimi, kijitabu mtakisoma nyumbani.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Aprili 1959, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa kwanza wa wazazi wetu. Hiyo ni tarehe ya cheti. Mama, aliyekuwepo, anasema cheti ni cha uongo, kwamba Baba alikwenda kumwandikisha siku nyingi baadaye, karani akamuuliza tarehe, Baba akataja ile iliyomjia mdomoni. Nilipomuuliza Mama tarehe ya kweli basi ni ipi, akanijibu, "Mwanangu, siku ile nilikuwa na kazi nyingine, sikuangalia kalenda." Tumebaki na ya cheti. Alizaliwa mdogo mno, hata mkunga akamwambia Baba asikate tamaa, aendelee kufunua nguo, mtoto yumo humo humo. Baba alipomwona akasema, "Ala! Hii si nukta hii?" Jina likamganda. Ni jina lisilomfaa hata kidogo, kwa sababu dada yangu akianza kuzungumza nukta ndicho kitu alichokosa.

Alisoma shule ya msingi ya jirani na kwetu kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, kisha sekondari ya wasichana hadi 1976. Alikuwa mwanafunzi mzuri, ila hesabu zilimpiga chenga. Walimu walimpenda na kumchoka kwa pamoja. Siku moja mwalimu wa lugha aliwapa insha ya ukurasa mmoja juu ya safari ya kwenda kwa bibi. Nukta alijaza daftari zima, na mpaka daftari linakwisha alikuwa bado hajatoka mlangoni, anaaga. Mwalimu akamwita Baba. "Mzee, huyu binti yako hana breki." Baba akacheka, akamwambia, "Mwalimu, wewe umemwona na kalamu tu. Njoo nyumbani saa ya chakula umwone akiandika meza."

Utani huo wa Baba nilikuwa nimeusahau kabisa. Nimeukumbuka leo, ndani ya gari la maiti, na nikatamani kujipiga kofi.

Baada ya chuo cha kupiga chapa aliajiriwa mwezi Februari 1979 katika idara ya maji, akafanya kazi hapo mpaka alipostaafu mwaka 2004. Mimi nilimfuata idara hiyo hiyo kama fundi bomba. Yeye alipiga chapa barua za kuwakatia watu maji, mimi nikaenda kuyakata. Mkuu wetu wa kazi alimwonya mara kadhaa, kwa sababu barua zake zilikuwa na huruma kuliko kanuni. Mtu angetakiwa kuambiwa "huduma itasitishwa", lakini ikipita kwa Nukta inakuja na habari za bomba litakavyokohoa asubuhi, na sufuria itakavyongoja jikoni. Nilifika nyumba moja na spana yangu nikamkuta mwenye nyumba anafuta machozi, barua mkononi. Akaniambia, "Kata tu, baba. Aliyeandika hii amenielewa." Mimi ndiye niliyeshindwa kukata. Nikafunga mkoba nikarudi zangu.

Kazini huko huko ndiko alikopata mume. Shemeji yangu alikuwa mwalimu wa hesabu, akawa analeta mitihani yake ipigwe chapa. Mtihani wa kwanza aliupeleka darasani bila kuusoma, akawaona wanafunzi wameacha kalamu wanasikitika. Swali lilikuwa la mama aliyekwenda sokoni na mayai, akauza kadhaa, akabaki na mangapi. Nukta alikuwa ameongeza kwa nini yule mama hakutaka kurudi nyumbani. Shemeji akaja mbio kulalamika. Wiki iliyofuata akaja kulalamika tena, ingawa safari hiyo hakuwa na mtihani wowote. Walifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1984, wakajaliwa binti mmoja, ambaye leo ni muuguzi na ndiye aliyemuuguza mama yake mpaka mwisho. Shemeji, hapo sijaongeza chumvi. Nimesema kama ulivyonisimulia mwenyewe.

Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1991. Aliandika saba kwa jumla, na mkitaka kujua zinahusu nini waulizeni wenye kuzisoma. Mimi nilisoma mbili. Ya tatu niliiacha njiani baada ya kukuta ndani yake fundi bomba mvivu mwenye kitambi, nikamuuliza huyu ni nani, akaniapia kwamba si mimi.

Sasa hapa ndipo kijitabu kimeandika sentensi moja fupi: "Marehemu alipenda kuandikia chumbani kwake." Ifuteni. Nimeiandika mimi na si kweli. Kuna chumba, ndiyo. Alipostaafu, Shemeji alimjengea chumba cha kuandikia, chenye meza mpya, rafu ukuta mzima na dirisha la kutazama nje. Mimi niliweka sinki la kunawia mikono, maana alisema wino unachafua. Siku ya kukifungua alishukuru mpaka akalia. Baada ya hapo kilikaa vitunguu. Kila nikienda nakuta vitunguu vimetandazwa juu ya ile meza mpya, na pasi, na kiti kibovu kisichojulikana kilikotoka. Mwanamume anajulikana akiwa ameumia, na Shemeji aliumia. Nilimwuliza Nukta, "Sasa wewe vitabu unaviandikia wapi, hewani?" Akanijibu, "Vinaandikika tu." Jibu gani hilo la kumpa mtu aliyepitisha bomba ukutani kwa ajili yako?

Tukaanza hivyo kila mtu kuwa na lake. Shemeji alishikilia kuwa mkewe aliandika kitandani, miguu yake ya baridi akiwa ameibandika kwenye mbavu za mumewe. Msusi wake akasema hapana, aliandikia saluni, chini ya lile kofia la kukausha nywele, tena wakati mwingine nywele kavu, anaomba tu liwashwe limfunikie makelele. Mhariri wake, yule mama mwenye miwani pale mbele, alituhakikishia kwamba marehemu alikuwa akirudi kwenye ile ofisi ya zamani ya idara ya maji, akakalia benchi la wateja. Binti yake akasema amemwona akiandika kwenye ngazi, jikoni, na kwenye foleni ya zahanati. Mimi nilikuwa sina langu. Mimi ni fundi bomba, najua maji yana pa kutokea na pa kwendea, na nilidhani hata maneno ni hivyo. Nikaona haya ni mambo ya wasomi, hayanihusu.

Mwaka 2022 figo zake zilianza kushindwa. Alikuwa akisafishwa damu kila wiki, akaenda na kurudi bila kunung'unika, akiwachekesha wauguzi mpaka wakawa wanagombania zamu yake. Mwishoni mwa mwezi Mei mwaka huu hali ikabadilika, akalazwa. Alifariki dunia Jumanne tarehe 11 Juni, alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa binti yake. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitano, kwa hesabu ya cheti.

Siku mbili kabla, alimwachia binti yake wosia. Hakudai mengi. Nguo, sanduku, nyimbo, vyote alisema mtakavyoona. Alitaka kimoja tu. Alisema, "Mkinitoa hapa msinipeleke makaburini moja kwa moja. Nipitisheni kwanza pale ninapoandika, nikae kidogo." Binti akamuuliza, "Pale wapi, mama?" Akamjibu, "Mjomba wako anapajua." Kisha akalala.

Mjomba ni mimi.

Ndugu zangu, nimefiwa na baba, nimeunguzwa na maji ya moto, nimewahi kuingia kwenye shimo la maji machafu likaniporomokea. Hayo yote niliyaweza; maneno hayo ndiyo yaliyonishinda. Ninapajua? Mimi? Mtu ambaye hata riwaya ya tatu hakuimaliza? Siku nne nzima watu walikuwa wananitazama mimi. Shemeji ananipigia, "Umekumbuka?" Mpwa wangu ananiletea chai na kukaa mbele yangu kama anayesubiri bomba litoe maji. Nikafikiri labda alichanganya kwa ugonjwa, labda alimaanisha mtu mwingine. Lakini mjomba mwingine hana. Na nikijua dada yangu ameomba kitu kimoja tu katika kufa kwake, na kitu hicho kakiweka mikononi mwangu, mimi sikijui, basi nisingizie nini? Nikaandika ile sentensi ya chumbani ili kijitabu kiwahi kuchapwa. Moyo haukukubali.

Kwa hiyo leo asubuhi tulipomchukua, nikamwambia dereva atupitishe kote. Pole yake, alisema ana safari nyingine mchana, lakini akaitika. Mama tulimketisha mbele karibu naye, kwa sababu ya miguu. Tukaanza saluni. Msusi alikuwa amesimama mlangoni, amewasha lile kofia la kukaushia, linavuma peke yake ndani. Tukashusha jeneza, tukakaa kidogo kama alivyotaka. Wateja wawili wakatoka na povu kichwani wakasimama kwa heshima. Nilingoja nijisikie kwamba ndipo. Sikujisikia chochote, ila aibu.

Tukaenda idara ya maji. Leo ni Jumamosi, geti limefungwa. Mlinzi akachungulia, akauliza tuna shida gani. Nikamwambia tumemleta mfanyakazi wa zamani akae kidogo kwenye benchi. Akatazama gari, akatazama jeneza, akauliza kwa upole, "Ana miadi?" Simlaumu, na yeye ana mkubwa wake. Tulisimama nje ya geti, mhariri akasema maneno machache mazuri ambayo sikuyaelewa, tukaondoka.

Tukaja kwa Shemeji. Jeneza halikuweza kukata kona ya korido, si kwenda kitandani wala kwenye kile chumba cha vitunguu. Tukaliweka uani, chini ya dirisha. Shemeji akasema, "Hapa ndipo." Mpwa wangu akasema, "Baba, mama hapa alikuwa anaanika nguo tu." Wakaanza kubishana, mume na mtoto wa marehemu, mbele ya marehemu. Mimi nikakaa juu ya ndoo nikashika kichwa. Nilikuwa nimechanganyikiwa, na nilikuwa na hasira na Nukta. Nikasema kwa sauti, Mungu anisamehe, "Dada, ungetaja tu mahali ukafa vizuri!"

Ndipo Mama akagonga kioo cha gari. Mama yetu ana miaka themanini na tatu, masikio yamechoka, na kusoma hakujaliwa. Kwa hiyo katika siku zote hizo nne hakuna aliyefikiria kumuuliza. Ungemuuliza nini habari za vitabu? Nikaenda dirishani. Akaniambia, "Mnamzungusha mwanangu kama mzigo uliokosa mwenyewe. Mnatafuta nini?"

Nikapaza sauti, "Tunatafuta alipokuwa anaandika!"

"Alipokuwa nini?"

"Anaandika, Mama! Pale anapoandika! Ameomba tumpitishe!"

Akanitazama kwa muda kama siku zile nilipokuwa narudi nyumbani na kiatu kimoja. Akasema, "Si kwako?"

"Kwangu mimi?"

"Kwani anapoandika ni wapi? Si barazani kwako, kila Jumapili? Wewe huwa unampigia kelele atoe vyombo."

Hapa naomba niwaeleze vijana, maana nyinyi siku hizi mnatenga chakula, mnapakua, wengine mnakula mmesimama. Kwetu, zamani, kupanga sahani na vikombe mezani ilikuwa kuandika. Mama alikuwa akiita kutoka jikoni, "Nani ameandika leo?" Na aliyeandika ni Nukta siku zote. Mimi mvulana nilitumwa maji. Baba alipofariki mwaka 2009 nilimchukua Mama akae kwangu, na meza yake ikaja naye. Ukumbini haikupita, nikaiweka barazani chini ya bati. Siku za kazi ni meza yangu ya kukatia mabomba, ndiyo maana mnaona alama za msumeno na matundu ya jiriwa ya kubania mabomba. Jumapili Nukta alikuwa anakuja. Ananiambia kwenye simu, "Nakuja kumwandikia Mama." Mimi miaka yote kumi na mitano nilidhani anamwandikia barua. Za kwenda kwa nani, sikuwahi kujiuliza. Nikimaliza kula naingia ndani kulala, namsikia huko nje anaongea na kuongea, nikashangaa anapata raha gani kuzungumza na mtu asiyesikia.

Nikamuuliza Mama pale pale, kwenye kioo cha gari, alikuwa akiongea nini.

"Alikuwa anawaweka watu wake. Tangu mdogo, hukumbuki? Baba yako anakaa kula, anakuta sahani imezidi, anauliza hii ya nani. Anaambiwa ya bwana mmoja kakosa gari, yuko njiani. Basi hapo chakula kinapoa mpaka tujue kakosa gari kwa nini. Ukubwani hakuacha. Anaandika yangu, anaandika yake, anaandika na za wengine mbili tatu, anakaa katikati yao anawasikiliza. Wengine alinitambulisha. Kulikuwa na mzee mmoja wa sahani ya pembeni, mpole, nilimzoea sana. Jumapili moja Nukta kaja, sahani ile hakuiandika. Nikamuuliza, mzee yuko wapi? Akaniambia, 'Mama, amefariki Alhamisi.' Nililia siku ile. Wewe ukadhani nalilia miguu, ukanipa dawa."

Ni kweli. Nilimpa dawa.

Mhariri alikuwa amesimama nyuma yangu. Akashika mdomo. Akasema mzee huyo yupo, ni wa riwaya ya tano, na kwamba wasomaji walimwandikia marehemu barua za kumlaumu kwa kifo chake. Mama hajapata kusoma hata ukurasa mmoja, na alimlilia mapema kuliko wote. Nami nilikuwa nimelala ndani, hatua chache, ninakoroma.

Nikasema basi twende kwangu, tena haraka. Tukaenda. Mnajua nini? Mbele ya nyumba yangu kuna mtaro. Nimeuchimba mwenyewe wiki iliyopita kubadilisha bomba kuu, nikapata taarifa ya msiba nikauacha wazi. Gari la maiti halikuweza kuvuka. Kulibeba jeneza juu ya ubao mmoja uliolowa, wabebaji wakakataa, na nikiwa fundi nawaunga mkono. Dereva akaangalia saa yake. Nilisimama ukingoni mwa mtaro wangu nikiiona ile meza kule barazani, mabomba juu yake, dada yangu huku nyuma ndani ya gari, na katikati shimo la kazi ya mikono yangu. Nililia hapo. Sioni haya kusema.

Mama akagonga kioo tena. "Wewe mtoto, meza haina miguu?"

Basi tukaitoa mabomba, watu sita wakaivusha mtaro, ikapakiwa kwenye pikapu, na ndiyo hii. Mama aliipangusa kwa upindo wa nguo yake mwenyewe. Alitaka kitambaa cha plastiki kiondolewe, akasema Nukta hakukipenda, sahani ziliteleza. Alitaka kuhisi mbao. Kwa hiyo hatukumpitisha pale anapoandika, tumempitishia, na amekaa kidogo, na mkinisikia nasoma polepole jueni ni kwa makusudi.

Sina hakika kama tumepatia. Shemeji bado hajakubali, anasema kitandani ni kitandani, na miguu ile haikuwa ndoto. Huenda naye ana haki yake. Nilimuuliza Mama tulipokuwa tunakuja: Nukta alimaanisha kuandika kule kwa kalamu au kuandika huku kwa sahani? Mama akasema, "Kwani ni vitu viwili?" Sijui. Naona nitazeeka sijui. Ila alisema mjomba anapajua, na sasa naelewa hakuwa amechanganya. Nilipajua. Nilipajua kama mahali pa kukatia mabomba.

Marehemu ameacha mama, mume, binti mmoja, mkwe, mjukuu wa kike aliyeanza kusema juzi na hanyamazi, na mimi mdogo wake. Ameacha pia wale watu wake wa riwaya saba, ambao siwezi kuwahesabu, na ambao kama Mama anasema kweli walikuwa wakila kwangu kila Jumapili bila kuniaga. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, msusi kwa umeme wake, mlinzi kwa adabu yake, na dereva kwa subira ambayo nadhani sasa imekwisha.

Tukimaliza hapa meza inarudi barazani. Kesho ni Jumapili, na Mama ameniagiza nisiweke bomba juu yake. Anataka kuandika mwenyewe: sahani yake, yangu, na ya Nukta. Nilimshika mkono, nikamwambia taratibu, sikioni, "Mama, Nukta hayupo tena. Amefariki."

Akasema, "Najua amefariki, mimi ndiye niliyemzaa. Wewe ulidhani wote waliokuwa wakiandikiwa pale walikuwepo?"

Lala kwa amani, dada. Kesho mchana uje.